Ombi la Kufuta Neno Moja Kwenye Kamusi Yenu

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Kwa heshima zote, naomba neno "expect" liondolewe kwenye toleo lenu lijalo. Ningelisema hili darasani, ila mimi ni mtu wa haya. Nikiitwa jina huitikia moyoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu alitusomea kamusi yenu: "wait" ni kukaa mpaka jambo litokee, "expect" ni kuamini kwamba litatokea. Akaongeza kuwa mtu anaweza kusubiri bila kutarajia. Wenzangu waliandika, wakasahau. Mimi nikalibeba hadi nyumbani.

2. Mama mdogo ni msusi, anasukia watu sebuleni kwetu. Kiti cha karibu na mlango hakikaliwi na mteja hata foleni ifike uani. Ni cha mchumba wake, dereva wa lori, ambaye tangu niko shule ya msingi anakuja "wiki ijayo". Siku hiyo mama mdogo akaniuliza, "Haya msomi, leo mmefundishwa nini?" Nikamweleza. Akasema, "Enhe! Na mimi niko kwenye lipi?" Mimi, nisiyeweza hata kumwambia muuza duka kwamba kanipa chumvi badala ya sukari, nikachagua siku hiyo kuwa jasiri. Nikasema, "La kwanza."

3. Kitana kikasimama. Mteja akaenda kwao amesukwa upande mmoja.

4. Ugonjwa umeenea. Baba, anayengoja kupandishwa cheo, ameacha kupiga pasi shati la kazini. Bibi kanunua mwenyewe bati la kuziba paa linalovuja, eti mwenye nyumba tulikuwa tunamsubiri tu. Majirani wanagonga mlango kuuliza wao wako kwenye lipi, nami najifungia bafuni.

5. Mama mdogo hasemi nami. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu ni yeye peke yake ninayeongea naye kwa sauti.

Najua Kiswahili nacho kina "kutarajia", lakini kwetu neno hilo huishia kwenye taarifa ya habari. Sisi tulisema "tunasubiri", basi, tukaishi kwa amani. Mkilifuta hilo lenu, mama mdogo atasubiri kama zamani, nami nitasamehewa.

Nisalimieni wachapaji, wasahihishaji, na wote wanaohangaika na herufi E.

Wenu kwa unyenyekevu,
Mwanafunzi wa dawati la nyuma

Nyongeza: Mama mdogo kaisoma barua hii kabla sijaifunga. Amecheka mpaka kashika ukuta, kisha akampigia dereva simu, akamwambia asijisumbue. Neno msilifute. Anauliza tu kama mnalo la tatu, la mtu aliyeacha yote mawili na analala vizuri. Yule mteja karudi kumaliziwa upande wa pili. Amekalishwa kwenye kile kiti.