Kusomwa kwa Tovuti Yangu Bila Ridhaa Yangu

Abubakary Mseti,
Fundi Cherehani,
Iringo, Musoma.

Kwa Katibu,
Umoja wa Mafundi wa Mikono,
Bunda.

Ndugu Katibu,

YAH: KUSOMWA KWA TOVUTI YANGU BILA RIDHAA YANGU

Kichwa cha barua hii kinajieleza chenyewe, kama tulivyofundishwa na mwalimu mliyetuletea, kwa hiyo sitakirudia. Mimi ni mwanachama wenu wa siku nyingi. Natengeneza cherehani hapa Iringo mwaka wa ishirini na mbili sasa, na katika muda wote huo sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Nilikuwa mtu wa amani. Mafunzo yenu ndiyo yaliyoniharibu.

Utakumbuka kwamba mwezi wa tatu mliendesha semina ya siku tatu hapo Bunda, ya kutufundisha mafundi namna ya kuandika maudhui ya tovuti yanayovuta wasomaji na kupendwa na mitambo ya utafutaji. Binti yangu Yasmin ndiye aliyeniandikisha, bila kuniuliza. Mimi nilikwenda kwa ajili ya chai. Naomba sasa nieleze madhara niliyoyapata, kwa namba, ili msije mkasema hamkuyaelewa.

1. Kudhalilishwa kwa tovuti yangu ya awali

Kabla ya semina nilikuwa na tovuti ya heshima kabisa. Aliiandika jirani yangu Dotto, mwenye duka la fotokopi, na ilianza hivi: "Fundi cherehani Musoma ni fundi bora wa cherehani Musoma kwa mahitaji yako yote ya cherehani Musoma." Dotto alinihakikishia kwamba mtambo ukikuta neno Musoma mara hamsini unakosa ujanja, lazima ukupandishe juu. Akaweka na picha ya kiwanda cha ng'ambo chenye wafanyakazi waliovaa makoti meupe, na chini yake akaandika "Karakana yetu". Karakana yangu ina meza moja, stuli mbili na pazia. Tovuti ile ilidumu miaka minne ikiwa na wasomaji wawili, mimi na shemeji yangu Amini, na hatukuwahi kusumbuliwa na mtu.

Siku ya kwanza ya semina, mwalimu wenu Bi Stellah akanitaka niisome kwa sauti mbele ya darasa. Nilipofika Musoma ya tisa pumzi ikakata. Mkulima mmoja wa pamba anayefuga na nyuki, Bwana Baltazari, ambaye alikuja kujifunza kutangaza asali yake, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mzee, umekwama, au ndivyo ilivyoandikwa?"

Darasa zima likacheka. Bi Stellah hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Mzee Mseti, mtu akiandika kwenye simu yake anakuwa na swali. Hapa pana jibu gani?" Nikalitafuta jibu mule ndani, juu mpaka chini. Palikuwa na Musoma tu.

2. Kulazimishwa kufikiri

Siku ya pili alipita meza kwa meza. Alipofika kwangu akaniuliza, "Wateja wako wakija wanaulizaga nini?"

Nikamjibu, "Wanaulizaga kwa nini cherehani inaruka uzi."

"Na wewe unawajibuje?"

"Siwajibu. Napokea cherehani."

Ndugu Katibu, hapa sina budi kukueleza siri ya kazi, kwa kuwa siri yenyewe haipo tena. Cherehani zinazoruka uzi, nyingi sana, hazina ugonjwa wowote. Mwenyewe alibadilisha sindano akaiweka kinyume. Ukiigeuza tu, inapona. Kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa naipokea cherehani, naipeleka nyuma ya pazia, naigonga gonga kidogo kwa bisibisi ili mwenyewe asikie kazi inaendelea, halafu namwambia arudi kesho. Watu waliniheshimu sana. Pazia lile limesomesha watoto watatu.

Bi Stellah akanipa karatasi nyeupe akasema, "Andika jibu. Andika kama unamwelekeza mama mmoja aliyekaa mbele yako. Sentensi fupi. Usijisifu." Nikaandika. Sijui nilipatwa na nini. Kichwa cha habari nikakiweka vile vile wanavyouliza: "Kwa nini cherehani yangu inaruka uzi?" Halafu nikaeleza: chomoa sindano, itazame, upande mmoja ni bapa na upande mwingine una mfereji, uzi uingilie upande wa mfereji, ikishindikana, badilisha sindano, ikishindikana tena, ndipo umwite fundi. Nilipoisoma mwenyewe nilishangaa. Nilielewa kila neno.

Nyumbani Yasmin akapiga picha vidole vyangu vikiwa vimeshika sindano, kucha nyeusi kwa mafuta, hata kuoga hakuniruhusu. Akasema watu wanaamini mkono uliofanya kazi. Makoti meupe yakafutwa.

3. Kusomwa kwenyewe

Baada ya majuma machache ikawa mtu yeyote akiuliza habari ya cherehani kuruka uzi, naletwa mimi, wa kwanza, na kucha zangu. Wakaanza kupiga simu. Tarime. Geita. Mama mmoja alipiga kutoka Mpanda, mahali ambapo sijawahi kufika wala sina mpango wa kufika, akasema, "Fundi, Mungu akubariki, imepona!" Nikamshukuru. Ningefanya nini? Wa pili naye, yake ikapona. Nikakaa dukani wiki nzima napokea simu za cherehani zilizopona, huku mlangoni haingii hata moja. Mke wangu Hasna alileta chakula cha mchana siku ya Alhamisi, akatazama meza tupu, akasikiliza simu inavyolia, akasema, "Baba Yasmin, sasa umekuwa maarufu. Na duka unafunga lini?"

Nauliza kwa adabu: hivi ndivyo mlivyomaanisha mliposema kuvuta wasomaji? Mngetuambia kwamba msomaji akishaelewa anaondoka.

4. Wenzangu

Fundi Rashidi wa Mukendo alikuja dukani mwenyewe. Hakukaa. Alisema mteja wake alifika na simu mkononi, akamfungulia ukurasa wangu, akamwambia, "Fanya hii ya sindano hapa hapa nikiona." Rashidi amefanya kazi hii tangu mimi najifunza, na hakuna aliyewahi kumtazama akifanya. "Abubakary," akaniambia, "umetuvua nguo sokoni. Ifute." Nikamwahidi kuifuta.

Nilimwita Yasmin nikamwambia aifute. Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Sawa, baba. Ila kwanza niambie, ni sehemu gani humo si kweli?" Huyo ni mtoto niliyemlea kwa hela ya pazia.

5. Matrida

Malalamiko haya ya tano ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Yale mengine ningeyavumilia.

Matrida ni mama mjane anayeshona Butiama. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, alipewa kazi ya kushona sare za shule moja huko kwao, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Cherehani yake ikaanza kuruka uzi. Akaifunga nyuma ya bodaboda akaja nayo mpaka kwangu, vumbi usoni. Nilikuwa na harusi ya ndugu yangu huko Bweri. Nikaipokea, nikamwambia imeharibika ndani, arudi baada ya siku tatu. Aliporudi niligeuza sindano nyuma ya pazia, akanilipa, akanishukuru sana. Mimi nikasahau.

Mwezi uliopita akaingia dukani. Hakuwa na cherehani. Alikaa kwenye stuli, akatoa simu, akanionyesha vidole vyangu mwenyewe.

"Fundi, nimesoma hii mara nne," akasema. "Ile yangu ya mwaka juzi. Ilikuwa sindano?"

Ndugu Katibu, ningeweza kusema hapana. Lakini ukurasa ulikuwa wazi mbele yetu wote wawili, kwa sentensi fupi, bila kujisifu.

Nikasema, "Ilikuwa sindano."

Akaiweka simu mapajani. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Zile siku tatu shule haikumsubiri. Sare wakampa mtu mwingine, na mpaka leo hawajampa tena kazi. Mwanawe wa kwanza alikuwa aanze sekondari kwa hela ya kazi ile. Alianza mwaka mmoja baadaye.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, maana matusi nayajua kuyajibu. Hakunitukana. Alisimama, akaifunga kanga yake vizuri, akasema, "Maandishi yako ni mazuri, fundi. Ila hayajaisha. Andika na hilo." Akatoka akapanda bodaboda.

Ninachouliza ni hiki: tangu lini msomaji anamwagiza fundi cha kuandika? Zamani Matrida alikuwa mteja mwenye heshima zake, ananishukuru. Leo ameelewa, na mimi silali vizuri. Tovuti ya Dotto haikuwahi kumkosesha mtu usingizi. Mtu aliisoma akatoka kama alivyoingia, na mimi nikabaki kama nilivyokuwa. Hebu linganisha faida.

6. Pazia

Hasna amelitoa pazia akalifua, na sasa anasema amelipenda kwenye dirisha la sebuleni.

Kutokana na madhara hayo, naomba Umoja ufanye yafuatayo bila kuchelewa. Mosi, mnitumie mtaalamu wa kunirudisha nilivyokuwa, hasa katika eneo la sentensi ndefu. Pili, Bi Stellah aelekezwe kwamba katika semina zijazo awafundishe mafundi kuandika vitu visivyoeleweka, kwa mfano "huduma bunifu zenye ubora wa viwango", ili msomaji apate heshima ya kuingia mtandaoni na mtaalamu apate nafasi ya kupumua. Tatu, mtambo wa utafutaji uombwe kwa barua rasmi unipeleke nyuma, ukurasa wa saba au wa nane, ambako watu wastaarabu huwa hawafiki. Nne, iwekwe sheria kwamba mwanachama asiandike jambo la kweli kabla ya kupata kibali cha Kamati, na Kamati ikutane mara moja kwa mwaka.

Naamini malalamiko haya yatapokelewa kwa uzito wake. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati na familia zao, msalimie mama aliyetupikia chai siku zile tatu, na Bwana Baltazari mkikutana naye gulioni mwambie asali yake nimeisoma, imeandikwa vizuri, nikanunua chupa mbili. Bi Stellah naye nisalimie, ila kwa ufupi.

Mwanachama wenu niliyejeruhiwa kwa kueleweka,

Abubakary Mseti
Fundi Cherehani

N.B. Barua hii ilikaa mezani siku nane nikitafuta mtu wa kuileta Bunda, na katika siku hizo nimeandika sehemu iliyobaki ya ukurasa ule, kama nilivyoagizwa. Kichwa chake: "Siku tatu nilizomchelewesha mteja bila sababu." Sikuficha kitu isipokuwa jina lake. Nilipeleka simu Butiama nikamsomea mwenyewe kabla ya kuiweka. Alinisahihisha mahali pawili, akasema sasa imeisha. Cherehani yake nimeikagua, nimeisafisha yote, na shule ile nimekwenda kuongea na mkuu kuhusu sare za Januari.

Nilidhani baada ya kusoma hayo hakuna atakayekanyaga kwangu. Juzi akanipigia dada mmoja msimamizi wa chuo cha ushonaji hapo hapo Bunda. Wana cherehani arobaini. Akasema, "Mafundi wote wanatuambiaga zimeharibika ndani. Wewe ndiye wa kwanza kutuambia lini tusikuite, kwa hiyo tumeona tukuite wewe." Wanataka niwahudumie mwaka mzima, na niwafundishe wasichana kuzirekebisha wenyewe. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Naomba basi usiisomee Kamati barua hii. Badala yake naomba nafasi mbili kwenye semina ya awamu ya pili, moja yangu na nyingine ya Fundi Rashidi, ambaye anasema haji ila ameniuliza tarehe mara tatu. Wale wa chuo nimewaambia wanisubiri mpaka Jumamosi, kwa sababu Jumatano hadi Ijumaa nitakuwa darasani kwenu.