Sufuria ya Dhahabu ya Nizwa

Mwongo akisoma gazeti, ogopa. Turki alilisomea kwenye kiti cha kinyozi, sokoni Nizwa, Oman, mwaka 2006, povu la sabuni nusu ya uso. Habari ilikuwa ya London: huko kila mwaka mikahawa ya mchuzi wa Kihindi hupewa tuzo, watu wamevaa tai, bizari inapigiwa makofi.

"Subhanallah! Mwingereza akijue nini kitunguu?" alisema.

"Tulia, wembe huu," kinyozi akamwonya.

Hakutulia. Alitoka na shavu moja limenyolewa, na Baraza Kuu la Mchuzi la mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya limeshaundwa kichwani: tuzo sufuria ya dhahabu, mwenyekiti yeye, katibu yeye, majaji wataalamu ambao mpaka leo hawajazaliwa.

Turki hakuomba pesa. Pesa huombwa na wezi. Yeye aliomba khanjari, jambia la heshima la kiunoni.

"Ada ya wazee wetu," alimwambia Humaid, mwenye mkahawa mkubwa hapo Nizwa. "Watu wakishindana, kila mmoja humwekea mwamuzi khanjari yake amana, ishara kuwa atakubali hukumu. Au nyinyi mmesahau?"

Humaid hajapata kuwasha jiko maishani mwake. Mkahawa ulikuwa wake kwa jina na kwa faida. Mchuzi waliupika watu wa Kerala, waliolala wamebanana juu ya stoo ya vitunguu, pasi zao za kusafiria zimefungiwa kabatini mwake. Hayo hayakumtia haya. Lakini kuambiwa kasahau ada! Akavua khanjari ya fedha ya babu yake.

"Lakini sufuria ya dhahabu yangu, sivyo?" akanong'ona.

"Sheikh, nani mwengine?"

Mjini Ibra nako, Harub, mwenye mkahawa wa pili kwa ukubwa na wa kwanza kwa majivuno, alivua yake. "Yangu, sivyo?"

"Sheikh, nani mwengine?"

Nyuma ya mkahawa wa Harub alikuwa na kibanda chake Bi Mabruka, mjane aliyezaliwa Ujiji, akipika kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa Unguja waliporejea Oman walikuta wenyeji wanawabinulia midomo, wakiwaita Wazinjibari. Iliwauma. Ilipokwisha kuwauma, wakawabinulia midomo watu wa bara. Wenye kusahau wamesahau. Basi Maen, mtoto wa Bi Mabruka, alipoposa kwa watu wa Unguja, alikubaliwa kwa mguno: "Kijana mzuri. Lakini mama yake muuza mchuzi!"

Turki, ambaye masikio yake yalikuwa mtaji, alimwendea kijana. "Mama'ko akipata tuzo, ataguna nani?"

Ikaenda khanjari ya marehemu baba yake, ambayo Maen angeivaa siku ya harusi, mwezi wa Shawwal. Nyengine hawakuwa nayo.

Bi Mabruka alifungua sanduku akakuta kitambaa kitupu. "Maen! Khanjari ya baba'ko iko wapi?"

"Amana, mama. Ustadh Turki atairudisha baada ya sherehe ya tuzo."

"Baada ya sherehe yeye yuko Dubai, nayo keshaiuza, iko ukutani kwa mtalii wa Kijerumani. Bwana harusi kiuno kitupu! Wakweo hawataguna tena, watacheka."

"Nende polisi?"

"Ukaseme nini? Umempa kwa mkono wako." Akalifunga sanduku. "Ada ndiyo iliyoichukua. Ada itairejesha."

Siku ya sherehe ukumbi wa Nizwa ulijaa udi na wakubwa. Turki alivaa joho. Mezani ilikaa sufuria ya bati iliyopakwa rangi ya dhahabu, bado inanuka rangi. Nje, gari yake ilikuwa imejazwa petroli, tayari kwa safari ya Dubai.

Kahawa ikazunguka. Bi Mabruka, aliyekalishwa karibu na viatu, akapokea kikombe, akakiweka chini juu ya zulia. Hakunywa.

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na mwenyeji asiyeitimiza huchekwa mpaka kwa wajukuu zake. Mwizi naye, akivaa joho kwa muda, huanza kuliamini. Turki akanyoosha mkono kama mtu aliyezaliwa kasrini.

"Kunywa kahawa yako, mama! Haja yako imekwisha!"

"Mwanamume huyo!" watu wakasema.

Bi Mabruka akanywa taratibu, akakitikisa kikombe kuwa yatosha. "Allah akuhifadhi, mwanangu. Haja yangu ndogo. Wanaume watapokeaje tuzo viuno vitupu? Kila mtu avae khanjari yake, sasa hivi."

"Kweli!" Humaid akajipapasa tumbo. "Kweli kabisa!" akasema Harub.

"Lakini mama, ziko... ziko mbali."

"Ziko kwenye buti ya gari yako. Maen ameiegemea. Mpe ufunguo."

Macho yote yalikuwa juu yake. Mkono ukautoa ufunguo wenyewe, bila ya kumuuliza mwenyewe.

Khanjari zikaja, zikavaliwa. Bi Mabruka alimkaza mwanawe mkanda, akakaa tena pale pale kwenye viatu. "Haya. Sasa toa tuzo."

Watu wawili wakasimama pamoja.

"Sufuria yangu," alisema Humaid.

"Yako vipi? Mimi nimeambiwa 'nani mwengine'!" alifoka Harub.

"Na mimi nimeambiwa hivyo hivyo!"

Wakamgeukia mwenyekiti, mikono kwenye vipini. Baraza Kuu zima likapita mlango wa jikoni, likaruka magunia ya mchele, likawapita watu wa Kerala waliopika karamu ile na hawakualikwa kuila. Joho lilinasa msumarini. Mmoja wa wapishi hao alilivaa, akawapa wenzake mikono ya pongezi, kila mmoja mshindi.

Shawwal, siku ya harusi, wakwe walikula mchuzi wa Bi Mabruka mpaka wakalamba vidole, wakaguna kwa shibe. Turki naye alikuja. Hakualikwa, lakini harusini nani hufukuzwa? Kahawa ilipomfikia, akaiweka chini, mbele ya watu wote.

Bi Mabruka akasimama mlangoni. "Haja yako, mwanangu? Sema kwanza. Mimi hujibu nikishasikia."

Turki akakohoa. "Mama, naomba mwezi ujao usije mjini Sur."

"Sur kuna nini?"

"Tuzo ya samaki."

Bi Mabruka akamtazama, kisha akamgeukia mgawa kahawa.

"Endelea na wengine. Yake huyo iache ipoe."