Korongo la Fungate

Jumatatu, 22 Aprili
Siku ya nne ya fungate. Naila wangu! Akicheka, nasahau hata kijiji ninachoishi. Leo nimekumbushwa kwa hasira. Bwana shamba amepita hapa Mzenga na orodha ya ruzuku ya dharura. Ambaye shamba lake limechimbwa na mafuriko atapewa miche mia mbili ya mikorosho, na trekta la kufukia makorongo. Nikamwambia aniandike. Akanijibu sijapoteza hata mhogo mmoja, nimshukuru Mungu. Mvua imenikwepa makusudi! Imekwenda kumharibia jirani yangu Hamidu, ambaye hata kuoa hajaoa. Miche yote hiyo ya nini kwake? Mimi ndiye niliyemwahidi mke kivuli cha mikorosho yetu. Ukaguzi Ijumaa.

Jumanne, 23 Aprili
Bwana harusi hashiki jembe ndani ya fungate. Aibu kwa ukoo mzima. Kwa hiyo nimeaga naenda kuswali alfajiri, nikapitia shambani. Nimechimba korongo hatua kumi. Limepinda vizuri, utasema maji yenyewe. Kurudi, Bi Kidawa, somo aliyemfunda Naila na anayekaa nasi fungate hii, akaniuliza alfajiri siku hizi ina rakaa ngapi. Bibi huyu!

Jumatano, 24 Aprili
Hatua thelathini. Malengelenge. Naila kanishika mkono, akauliza mbona kiganja kimekuwa jiwe la kusugulia miguu. Nikasema ni mapenzi. Bi Kidawa akadakia: na hilo tope la magotini, huko unakosujudu kuna mwanamke gani? Naila akalia! Nikisema kweli, nimeshika jembe. Nikinyamaza, nina hawara. Nikanyamaza.

Alhamisi, 25 Aprili
Naila amekwenda kwa shangazi yake Mlandizi. Bi Kidawa kambebea begi huku anaimba. Fungate bila bibi harusi! Nimepiga kitanda teke, kidole kimevimba. Mchana mvua ikashuka, hatimaye na kwangu! Nikashangilia uani. Maji yakaingia korongoni, yakateremka kwa kasi, yakatokea chini. Chini ni shamba la mkwe wangu, Mzee Mwinyimadi.

Ijumaa, 26 Aprili
Bwana shamba kaonyesha kingo za korongo, akauliza tangu lini mvua ikatumia jembe. Hamidu alicheka mpaka akakaa chini. Mpumbavu! Nikamwamkia mkwe shikamoo. Marahaba sikuisikia. Akasema mihogo yake imekwenda mtoni, na kwamba alidhani amempa binti yake mume, kumbe amempa fuko. Miche mia mbili kaandikiwa yeye. Trekta, yeye! Mimi nifukie kwa mkono, mchana kweupe, na Naila harudi mpaka korongo lijae. Dhuluma!

Jumapili, 5 Mei
Limejaa. Naila karudi! Amenukisha nyumba nzima udi. Alipojua hawara wangu alikuwa jembe, alicheka mpaka machozi, kisha akaniapisha sitachimba tena. Nimeapa kwa moyo wote. Kipenzi changu! Anastahili nyumba ya bati.

Jioni nasikia mwenyekiti anaandikisha walioezuliwa na upepo wa juzi, wapewe mabati. Kwa Hamidu umeondoka na nusu ya paa. Kwangu haujagusa hata kuti moja. Upendeleo mtupu!

Paa halichimbwi. Nimeazima ngazi kwa Hamidu.