Hakuna Aliyefika kwa Papa

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Leo filamu yangu imeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Jina lake Jiwe la Manono. Urefu wake saa mbili na dakika arobaini. Miaka kumi na mmoja nimepiga picha za ndoa na maziko ya watu wa Kalemie, leo zamu yangu. Ukumbi wa video wa Gauthier, nyuma ya soko. Waliingia watu sitini na mmoja. Niliwahesabu mlangoni.

Kisa ni chepesi. Kijana anagombana na baba yake, anakwenda machimbo ya Manono kutafuta jiwe la thamani, anapata taabu, anarudi, baba anamsamehe. Baba ni Papa yangu mwenyewe, Papa Adalbert, mstaafu wa reli. Anaonekana dakika nne za mwisho tu. Anafungua mlango, anamtazama kijana, anasema maneno machache. Sijaona mwigizaji bora kuliko yeye, na nasema hivi bila upendeleo.

Watu walianza kutoka ukumbini kwenye sehemu ya baiskeli. Kijana anakwenda Manono kwa baiskeli, dakika thelathini na nane. Gauthier anasema ni nyingi. Njia ya Manono ni ndefu, nifanye nini? Mwishoni walibaki wawili. Mmoja amelala, wa pili ni Gauthier mwenyewe, kufuli mkononi. Alizima kabla Papa hajafungua mlango. Ati filamu zake za mapigano hutazamwa mpaka majina yaishe. Mjinga.

Nyumbani, Papa kitandani, pumzi fupi. Hospitali walimrudisha wiki iliyopita, wakasema tumpe chochote anachotamani kula. Hakuuliza chakula. Aliuliza kama watu walifika kwake. Nikasema walifika, wakapiga makofi. Akauliza nani alilia. Nikataja jina la kwanza lililonijia, Mama Sonia muuza ndagaa. Mama Sonia ndiye aliyetoka wa kwanza kabisa.

Papa alitabasamu. Siku nyingi sijamwona hivyo. Sasa lazima apatikane mtu mmoja, mmoja tu, wa kufika mwisho kabla Papa hajaondoka, ili nisiwe nimemdanganya.

Jumatano, tarehe 5

Mpango usio na dosari. Asubuhi nimepita sokoni na kipaza sauti: filamu leo saa nane, na ikiisha, mechi kubwa ya Ulaya kwenye ukuta uleule. Anayetaka mechi atakula filamu kwanza.

Walikuja zaidi ya mia. Hawakuingia. Walikaa uani wakicheza dama, wakapeana zamu ya kuchungulia. Kila robo saa mmoja aliingia, akatazama ukuta, akatoka kuwaambia wenzake, "Angali njiani." Nilimsikia kila mara.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, uani walianza kupiga mabati. Gauthier aliyahofia mabati yake. Akazima filamu, akaweka mechi. Nilimwambia yeye ni adui wa sanaa. Akaniuliza kama ninaingia au nimpishe mlangoni. Niliingia. Mechi ilikuwa nzuri.

Papa ameuliza tena. Nimesema ukumbi ulijaa. Hilo ni kweli.

Mke wangu Reine anasema, kwa nini nisikate ile baiskeli, au nimweke Papa mwanzoni. Reine hajawahi kutengeneza filamu hata moja. Mwisho huwekwa mwisho.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa. Mama Sonia amekuja kumwona mgonjwa, na sahani ya ndagaa. Sikuwa nimemwandaa. Papa akamshukuru kwa machozi yake ya Jumatatu. Nilisimama nyuma ya kitanda nikimkonyeza mpaka jicho likauma. Mwanamke mwema. Akasema kweli alilia sana. Papa akataka kujua ni wapi hasa palipomliza. Mama Sonia akafikiri kidogo, akasema, "Pale ulikuwa unakufa, Papa."

Katika filamu Papa hafi.

Papa akamshukuru kwa ndagaa, akasema zinanukia vizuri. Mama Sonia alipoondoka, nilingoja Papa anifokee. Hakunifokea. Aligeukia ukuta, akasema basi ataitazama mwenyewe. Nimeona aibu, na mara nikaona bahati: mtu wa kufika mwisho amepatikana, tena hana pa kwenda!

Jumamosi, tarehe 8

Kompyuta juu ya kigoda, mito mitatu mgongoni kwa Papa. Saa tatu asubuhi, wakati pumzi yake ni afadhali. Reine akanivuta kando. Yeye huniita kwa jina la mtoto wetu, na maneno yake ninayaandika yalivyo: "Papa Chancelle, weka tu pale iko anaonekana. Huyu muzee hana nguvu ya kungojea."

Nikakataa. Asiyeona kijana akiteseka hawezi kuelewa msamaha. Papa ana haki ya kuona kitu kizima kama watu wengine. Nilimweleza Reine haya kwa upole. Akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ulisikika mpaka barabarani.

Robo saa ya kwanza Papa alitazama vizuri. Alitambua kituo cha reli, akanionyesha dirisha la ofisi yake ya zamani. Halafu baiskeli. Dakika ya kumi ya baiskeli alikohoa. Ya ishirini akafunga macho, nikamgusa bega, akafungua. Dakika ya ishirini na sita akaonyesha baiskeli kwa kidole, akasema taratibu, "Pontien, huyu muntu wa kinga atafika lini?"

Nikasema karibu. Akasema nizime, amechoka, ataona kesho.

Hapo niliudhika, na naandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Nilimwambia, hata wewe, Papa? Nilifunga kompyuta kwa kishindo. Akanitazama, akaomba maji.

Jumapili, tarehe 9

Papa amekufa saa nne asubuhi, majirani wakiwa misani. Reine alikuwa anamfuta uso. Mimi nilikuwa kwa jirani, nachaji kompyuta ili tuendelee.

Nimelia kama mtoto. Leo sina mpango wowote.

Jumatano, tarehe 12

Jana tulimzika. Nilipiga picha za video, kila kitu.

Leo matanga bado. Turubai limejaa, viti vimejaa, shangazi Alphonsine amefika kutoka Nyunzu, dada wa pekee wa Papa aliyebaki. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa wafiwa, nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona tangu mwanzo. Kwenye matanga mtu hatoroki. Anayetaka kwenda sharti amwendee mfiwa mkubwa, ampe mkono, aage. Na mfiwa mkubwa ni mimi. Nani atakuwa na uso wa kuniaga katikati ya filamu ya marehemu?

Saa nane nikaleta televisheni na jenereta ya Gauthier. Gauthier mwenyewe aliibeba, sikumwomba. Nikatangaza kwamba marehemu atasema nasi. Watu wakavua kofia.

Kwenye baiskeli alisimama wa kwanza, mzee wa reli, rafiki wa Papa. Akaja, akanipa mikono miwili. "Pole sana, mutoto yangu. Siye tunaenda, njia iko ndefu." Nyuma yake akasimama wa pili. Kisha mstari. Mstari mrefu, wa heshima, mpaka kwenye kisima. Sikuweza kumkataa hata mmoja. Kila mmoja aliniambia pole kwa moyo, nami nikiipa mgongo Manono na baiskeli, nikisema asante, asante.

Nilikuwa nashika mkono wa Mama Sonia niliposikia mlango ukifunguka nyuma yangu, na sauti ya Papa: "Mutoto yangu, umekonda. Ingia." Sikugeuka kwa wakati. Mama Sonia alinikamata mkono, hakuniachia dakika zote nne, naye alikuwa analia, safari hii kweli. Nilipogeuka, majina yalikuwa yanapanda.

Chini ya turubai walibaki Reine, Gauthier na shangazi Alphonsine. Shangazi alipiga ukelele mmoja. Waliokuwa barabarani wakarudi mbio, wakajaa tena, wengi kuliko mwanzo. Shangazi akaomba nirudishe pale tu kaka yake anaongea, wote waone.

Mia moja na zaidi, wamesimama, kimya, wanangoja Papa. Sijawahi kupata ukumbi kama ule. Nikawaambia bila mwanzo hawataelewa. Nikaianzisha tangu mwanzo.

Saa kumi na mbili nilikuwa peke yangu na viti.

Ijumaa, tarehe 14

Nimelala, nimefikiri, nimegundua kosa liko wapi. Filamu ni fupi. Watu hawakai kwa sababu hawajamzoea Papa. Anatokea ghafla mwishoni, ni nani huyu? Ninazo saa tatu za maziko yake: jeneza, wimbo wa wanakwaya, kila aliyetupa udongo. Nitaziweka zote kabla ya mlango kufunguka. Itafika saa tano na dakika arobaini. Hakuna mwenye heshima atakayetoka kwenye maziko ya Papa.

Reine aliposikia alitoka nje, mchi ukasikika tena. Amependa.

Shangazi Alphonsine anarudi Nyunzu kesho. Ana miaka sabini na minane, miguu imevimba. Ameleta simu yake ndogo, akasema hataki filamu, anataka zile dakika nne tu, awe anasikiliza sauti ya kaka yake nyumbani, maana hajui kama atarudi tena huku. Nilimwonea huruma sana. Nikamwambia avumilie, nitamtumia nzima ikikamilika, labda Noeli. Akafunga simu kwenye kitenge.

Mimi mwenyewe nimejaribu kuitazama leo asubuhi, nimwone Papa. Ningeweza kurukia mwisho, lakini nami nina msimamo. Nilianza mwanzoni. Nilistahimili dakika arobaini na tano. Kichwa kiliuma, ni uchovu wa matanga tu, si kosa la filamu. Nimezima, nimeandika orodha ya picha za kuongeza.