Swali la Nne

Jumatatu, 6 Januari

Nimeamua. Nitasoma Fizikia ya Juu! Kikwazo ni kimoja tu: sijawahi kusoma hata ya chini. Wenzangu walipoianza, mimi nilichukua mapishi. Fomu za kuchagua masomo zinarudishwa Ijumaa. Kikokotoo, rafiki yangu mwenye alama za kutisha, ameniuliza kama nitapima uvutano wa dunia kwa mwiko. Nimecheka. Moyoni nimeumia.

Sikumwambia sababu. Darasa lile ndilo alilosoma kaka. Dawati lake liko dirishani, na tangu tumzike mwaka jana hakuna anayelikalia.

Jumanne, 7 Januari

Mwalimu wa fizikia amesema asiye na msingi atafanya jaribio la maswali kumi Alhamisi. Akaniuliza msingi wangu ni upi. Nikajibu, nia. Akasema nia haijawahi kujibu swali.

Nina mpango mzuri mno! Daftari la kaka limo sandukuni, chini ya kitanda cha mama. Mama akienda kuanika nguo, nitalichukua na kulikariri lote. Kaka alikuwa wa kwanza darasani. Kwa hiyo nami nitakuwa wa kwanza, tena bila kuhangaika.

Jumatano, 8 Januari

Nimelipata. Lina harufu ya shati lake. Nimelia, kisha nikakumbuka ratiba yangu haina nafasi ya kulia. Kurasa arobaini, neno kwa neno, hadi mstari wa mwisho alioandika. Kuelewa nimeahirisha.

Alhamisi, 9 Januari

Nimejaza karatasi mbele na nyuma! Kikokotoo alichungulia dirishani. Amekiri hajawahi kuona mtu akiandika fizikia bila kupumua.

Ijumaa, 10 Januari

Mbili kwa kumi.

Mwalimu ameniita. Akauliza, kwa upole, kwa nini kwenye swali la nne, linalotaka sababu ya mwezi kutoanguka, nimejibu: “Hapa sijaelewa. Nitamwuliza mwalimu kesho.” Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Akasema mwandiko ni wangu lakini anamjua mwenye swali. Kesho hiyo kaka alilazwa hospitali. Hakurudi.

Mwalimu akanipeleka darasani, akanikalisha kwenye dawati la dirishani. Akachukua chaki, akaeleza swali lile lote, polepole, kama mtu aliyechelewa miadi. Niliitikia kwa kichwa kila alipotua. Sikuelewa kitu.

Fomu hakuitia sahihi. Amesema nisome kwanza na wanaoanza, kila alasiri. Nielewe, nisikariri. Mwakani ataniangalia tena. Nimemwahidi kwa dhati. Kisha nikajaza mapishi.

Jumamosi, 11 Januari

Mama amegundua sanduku limeguswa. Nilingoja kugombezwa. Akaketi kitandani, akasema, haya mwanangu, nisomee. Nikamsomea nimefumba macho, kurasa zote arobaini. Nilipofika mwisho akauliza kama mwalimu alilijibu swali lile.

Bahati nzuri nilikuwa nimekariri ubao! Nikamwambia neno kwa neno: mwezi unaanguka kila wakati, ila dunia inajipinda chini yake, kwa hiyo haufiki. Tafadhali msifute ubao.

Mama akasema ameelewa. Akalikunja daftari kwenye kanga yake, akalirudisha mahali pake.

Mimi bado. Lakini Jumatatu wanaoanza watanikoma! Kitabu chao nimeshakikariri hadi ukurasa wa tisa, pamoja na anwani ya mchapishaji.