Mzee, Njoo Umchukue Paka wa Mwanao

Zamoyoni Shaaban,
Fundi Cherehani,
Mtaa wa Sokoni,
Geita.
12 Agosti 1976

Kwa Baba Mkwe,
Mzee Fikirini Maulidi,
Kahama.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA PAKA NYUMBANI KWANGU

Mzee wangu,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimevaa kofia, ijapokuwa hunioni, kwa maana najua mkwe haandikiwi ovyo. Nakuombea afya wewe, na Mama, ambaye adabu hainiruhusu kumtaja jina, na wote waliomo nyumbani humo. Huku Geita sisi ni wazima, yaani mimi na paka. Na kwa kuwa paka ameshatajwa, niruhusu niingie moja kwa moja katika shauri lililonifanya nishike kalamu badala ya sindano.

Mwanao Mwahija leo ametimiza siku ishirini na mbili huko kwenu. Alipoondoka alichukua sanduku, jiko la mkaa na mto mmoja. Paka hakumchukua. Paka huyo, aitwaye Bwana Shauri kwa jinsi anavyopita kila chumba akikagua kama afisa wa enzi za Mwingereza, aliingia kwangu siku ya harusi, miaka minne iliyopita, ndani ya kapu la sahani. Naikumbuka vizuri orodha ya vyombo vya bibi harusi iliyosomwa na shangazi yake mbele ya watu. Kulikuwa na vijiko, sufuria tano, kinu na mchi wake. Paka hakusomwa. Kwa hiyo kwa haki paka bado ni mali yako, nami nimekufugia miaka minne, kama wafanyavyo Wasukuma wa huku, mtu kumfugia mwenzake ng'ombe zizini mwake. Ila wao angalau hunywa maziwa.

Naomba uje umchukue. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza. Hajui kumwamsha mtu. Alfajiri, kabla ya adhana, hunijia kitandani akanigusa ukope kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayebonyeza embe sokoni aone kama limeiva. Nisipoamka hunigusa tena. Mara ya tatu huketi kifuani, akanisogezea uso, na pumzi yake ni dagaa wa Nkome watupu. Mzee, nimewahi kuamshwa na mgambo, nimewahi kuamshwa na moto wa duka la jirani. Wale walikuwa na haraka, nikajua kuna shida. Huyu hana haraka yoyote, na anachotaka ni niamke tu, tuwe macho wote wawili.

Pili. Unyonyaji. Chama kimetufundisha kwamba kupe ni yule aishiye kwa jasho la mwenzake. Mimi nakanyaga cherehani kutwa. Bwana Shauri analala kutwa, na pahali alipopachagua pa kulala ni juu ya kanyagio. Si pembeni, ni juu yake hasa. Nikimsogeza kwa mguu anadhani nambembeleza, anageuka chali na kuninyooshea tumbo. Suruali za shule zilichelewa siku sita kwa ajili ya tumbo hilo. Nilimwita Ndugu Masele, balozi wetu wa nyumba kumi, aje amwone kupe kwa macho yake. Alikuja, akakaa nusu saa akimkuna paka chini ya kidevu, kisha akaaga akaenda zake bila kutoa uamuzi.

Tatu. Rushwa. Jumanne nilikuwa nimetandaza mezani kitambaa cha kaunda suti ya huyo huyo Ndugu Masele. Chaki nilishapiga, mkasi uko mkononi. Bwana Shauri akapanda na panya, akamlaza pale penye mfuko wa kifuani, akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia. Panya hakuwa mzima, wala hakuwa kamili. Nikamtupa nje. Paka akamfuata, akamrudisha, na safari hii akamweka karibu zaidi na mkono wangu, asije akawa mwenyeji mchoyo. Jirani yangu Paskazia, mama wa Kisukuma anayeuza dagaa barazani kwake, alicheka mpaka akashika nguzo. Mayo, mama yangu wee, alisema, eti Fundi, huyu amekuona umekonda tangu mkeo aondoke, sasa anakulisha. Mimi sikubaliani naye. Anachopewa mwenye mkasi kabla hajakata, hata kikija na mkia, ni rushwa, na nguo ya balozi imebaki na doa ambalo nimelificha chini ya kifuniko cha mfuko.

Nne. Hili ni la aibu, na kama barua inasomwa kwa sauti, naomba Mama atoke kidogo. Mchana nikijinyoosha hunipanda tumboni akaanza kukanda. Hukanda kwa mikono miwili, kulia, kushoto, macho ameyafumba, huku ananguruma kwa ndani, na makucha yanapenya fulana. Nimehesabu matundu kumi na manne. Nilidhani ni maradhi, nikamwendea maalimu wetu kuuliza kama kuna unajisi ndani yake. Maalimu akasema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu, na kwamba hivyo ndivyo alivyomkanda mamaye alipokuwa akinyonya. Mzee, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, fundi mwenye leseni ya mji. Nimefanywa mama wa paka, na mimba yake siikumbuki.

Tano. Amenichukulia wateja. Hujisugua miguuni mwa kila anayeingia, huku na huku, na kila mmoja hutoka hapa na manyoya yake kwenye pindo la suruali. Watu sasa huuliza hali ya paka kabla ya kuuliza hali ya nguo zao. Wengine huja hawana nguo ya kushona.

Sita. Ananikonyeza. Huketi juu ya kabati akanitazama, akafumba macho polepole, akafumbua polepole. Kwanza nilidhani ni usingizi. Juzi nikajaribu na mimi, nikafumba, nikafumbua. Akanijibu. Nikamjibu. Tulikaa katika hali hiyo mpaka wali ukaungua, na sufuria ni moja kati ya zile tano za orodha, kwa hiyo na hasara hiyo pia ni yako.

Saba. Hapa, Mzee, ndipo penye shauri lenyewe, na naomba unisikilize kwa subira kama ulivyonisikiliza siku nilipoleta posa.

Bwana Shauri anajua kuomba. Akitaka dagaa analia mara moja. Asipopewa analia tena. Asipopewa anakuja kunigusa goti, na asipopewa hapo anapanda juu ya kazi yangu na kuikalia. Haoni haya, hakasiriki, wala hachoki. Mwisho nainuka nampa. Akishawekewa, hali papo hapo, anangoja nikae karibu naye ndipo aanze, maana kumbe njaa ilikuwa nusu tu ya ombi. Miaka minne hajawahi kuniomba kitu akakosa.

Mwanao haombi hivyo. Sikukuu ya Idi alinunua doti la kanga, akaniletea nimkatie na kupiga pindo. Aliomba mara moja, kwa sauti ya chini, akangoja. Kinyozi hajinyoi, Mzee, na mke wa fundi hufunga kanga isiyopindwa. Nilishona kaunda suti za mji mzima, nikashona na mapazia ya ofisi, na doti likakaa rafuni. Mwahija aliniuliza tena baada ya miezi, kwa sauti ile ile. Mara ya mwisho alisimama mbele ya cherehani, doti mkononi. Nami, bila kuinua kichwa, nikamwambia: njoo Jumamosi, dada.

Mzee, hivyo ndivyo sisi mafundi tunavyomwambia kila mtu. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama mguu unavyokwenda kwenye kanyagio. Lakini nilipoinua kichwa niliuona uso wake, na nilijua nimemwambia nini. Hakunitukana. Alilikunja doti akaliweka juu ya meza, akasema angekuwa paka lingekuwa limeshapindwa zamani. Asubuhi yake aliondoka na sanduku lake, na kuhusu huyu Bwana Shauri alisema ananiachia mwalimu.

Doti nimelipinda juzi. Ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyo. Kama paka huyu asingekuwa akipewa kila anachoomba, mwanao asingekuwa na wa kujilinganisha naye. Asingekuwa na wa kujilinganisha naye, asingeona amepunjwa. Asingeona amepunjwa, angekuwa hapa saa hii ananiuliza kwa nini nimekonda. Kwa hiyo aliyevunja nyumba yangu si mimi, ni paka, na alianza uchochezi huo akiwa bado mchanga, ndani ya kapu, akijua anachokifanya. Nashangaa serikali haina kifungu kwa ajili yake.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Uje wewe mwenyewe, au umtume mtu mzima, amchukue. Akifika Kahama awekwe mbele ya wazee wa ukoo wenu asomewe madai yote saba. Aape kwamba hatamkanda tena mume wa mtu. Na ikiwa wazee, wakiwa katika kikao hicho, watapenda kumuuliza Mwahija naye ana mawazo gani kuhusu mambo mengine ya nyumba hii, mimi sitalipinga, ingawa si sehemu ya ombi langu.

Nisalimie sana Mama, uniombee radhi kwake kwa ile ya nne. Nisalimie shemeji Mwaisha na mumewe, majirani wa kulia na wa kushoto, imamu wa msikiti wenu, yule mzee anayeuza ugoro ambaye jina lake limenitoka, na mbuzi wako aliyekuwa na mimba nilipokuja mara ya mwisho, natumaini alizaa salama. Mwahija naye nisalimie, kama yuko karibu.

Wasalaam, nami ni mkweo niliye mbali,

Zamoyoni Shaaban

Nyongeza, baada ya sahihi:

Mzee, barua hii haikufika posta. Kila nilipotaka kufunga bahasha paka alikuwa ameikalia. Nimeileta mwenyewe, kwa lori la pamba, na Bwana Shauri yumo kapuni. Alilia njia nzima, dereva akatishia kutushusha wote wawili, nami nikamwambia akimshusha paka anishushe na mimi. Hapo ndipo nilipojua madai yangu yamekufa. Nayafuta yote saba. Ombi la kumchukua nalifuta pia, na mtu wa nyumbani kwako asimguse bila idhini yangu.

Ile hoja ya kwamba aliyevunja nyumba ni paka usiisome. Aliyevunja ni mimi.

Niko hapa nje, barazani kwako, tangu adhuhuri. Nimeinua mkono kupiga hodi mara tatu na mara tatu nimeushusha. Ndani namsikia Mwahija anacheka na shemeji, na sijui kama mtu aliyefika kuomba msamaha ana haki ya kukatiza kicheko hicho. Naipenyeza barua chini ya mlango. Mwambie nimekosa. Mwambie nampenda, na kwamba miaka minne nilidhani anajua. Mwambie nyumba haikaliki bila yeye, naomba arudi.

Akikataa kunifungulia mimi, basi amfungulie paka, ana kiu. Nitaingia nyuma yake.