Kunguni Kabla ya Kukhu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mtaa mzima wa Amalemba hakuna kichwa kama changu. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na cha kunifundisha. Leo nimeamka na vipele vitatu mkononi, vimepangana kama askari wa gwaride. Nikasema mbu. Dada Jescah akainua godoro, akamulika mshono kwa simu. Vidoti vyeusi kama wino, na kadudu kekundu, bapa, kameshiba damu yangu. Kunguni! Na Jumamosi Kukhu Nekoye, nyanya aliyenilea, anatoka Shinyalu kuja kliniki ya macho. Jescah amesema nisipowamaliza, Kukhu atalala kwa binamu yetu Ignatius. Ignatius! Yule wa kuringia sakafu yake ya tailsi!

Jumanne, 5 Agosti
Nimebuni dawa. Mafuta ya taa kitanda kizima. Kisha nikahamia kochi. Kunguni nao wakahama na mimi. Jescah ameniuliza kama nilitaka kuwaua au kuwatembeza. Kiberiti amekificha.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeanika godoro uani. Jirani Weldon akauliza kuna nini. Niseme kunguni? Aibu! Nikamwambia nimekojoa kitandani. Kufika saa sita, ploti nzima inanipa pole. Mama Tracy wa chumba cha mwisho akaja na ushauri wa vikojozi, akaona mshono, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe walimtesa hata yeye mwaka jana! Akasema kunguni haulizi mtu ni msafi au mchafu. Nichemshe shuka, nisugue mishono kwa maji moto ya sabuni, nimwage yanayotokota kwenye viungo vya kitanda, nizibe nyufa. Na nirudie baada ya siku kumi, maana mayai huanguliwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimechemsha! Nimesugua! Hata kochi! Viganja vina malengelenge. Jescah ameuliza huyu mchapakazi ni nani, na kakake amempeleka wapi. Jana nililala kitandani kama chambo. Hakuna kipele hata kimoja!

Jumapili, 10 Agosti
Kukhu amelala kama mtoto. Hajajikuna hata mara moja. Alikuja na ingokho yake mkononi, kuku wa kienyeji. Ilipoiva, firigisi akaniwekea mimi, mwenye nyumba, Ignatius akitazama. Akamwambia ajifunze kwangu kutunza mji.

Jumatatu, 11 Agosti
Macho ya Kukhu yanaendelea vizuri. Amerudi Shinyalu. Miadi ijayo, baada ya wiki mbili, atalala kwangu tena. Amesema mwenyewe!
Kitu kimoja tu kilienda mrama, nakiri humu pekee. Kunguni hawakutoka kwa Weldon, jinsi nilivyomdanganya Jescah. Mwezi jana niliazimisha godoro kwa wageni wa matanga, likarudi nao, nikalitandika bila kulikagua. Jioni hii vijana wa kanisa wamepita wakikusanya magodoro ya matanga mengine, kule Lurambi. Nimewapa langu kabla Ignatius hajatoa lake. Litarudi Jumapili. Kulikagua? Godoro langu mimi? Kunguni gani atathubutu?